Paneli Mbili Kwenye Ukungu

Jumapili, 8 Juni

China imenichosha tena leo. Inagusa dari, inataka ngazi ndefu na mtu wa kuishika. Marekani inanifika kifuani. Brazil na India zinafukuzana, zote mbili zinaishia pajani. Ujerumani iko gotini. Nguzo tano za kioo zenye taa ndani. Kila nguzo ni nchi, na urefu wake ni mitambo ya umeme wa jua, maji na upepo ambayo nchi hiyo imeifunga. Sisi Tanzania tumo ukutani, kwenye orodha ya herufi ndogo. Wageni wa ukumbi huu wa maonyesho wanaishika China tu, kwa hiyo alama za vidole ziko China tu. Nazifuta mimi.

Saa saba mchana, wakati wa chakula, nimepiga nyumbani kwa video. Baba amevaa mrija puani, mashine ya oksijeni inanguruma pembeni yake. Siku ya nne tangu mdogo wangu Rashidi afunge paneli juu ya bati. Nimemtazama Baba anavyopumua mpaka wali wangu umepoa. Mapafu yake yameliwa na vumbi la mbao, miaka ishirini na sita ya kupasua magogo. Daktari alisema oksijeni saa kumi na tano kila siku, la sivyo hafiki mbali. Na kitongoji chetu huko juu Lushoto hakina umeme wa nguzo. Basi nimempelekea mashine na jua lake kutoka Doha. Nina haki ya kuringa kidogo.

Jumatatu, 9 Juni

Baba ameniambia nisiwe napiga asubuhi. "Mama, piga saa saba. Asubuhi watu wanakuwa shambani." Ananiita mama kwa sababu nimechukua jina la mama yake, Zaina. Shambani kivipi, na yeye hajashika jembe mwaka wa pili huu? Nimesema sawa. Mzee akishapata ratiba yake mwache nayo.

Alhamisi, 12 Juni

Joto la kukutoa machozi. Kutoka basi la kampuni mpaka mlango wa jengo letu hapa Najma ni hatua arobaini, na nimefika nimelowa.

Nimepanda juu ya paa kuanua nguo nikakumbuka Aprili. Mashine niliinunua kwa familia moja ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mzee wao alikuwa amefariki na hawakutaka kuiona tena ndani. Paneli mbili zilibaki kwenye maonyesho fulani yalipobomolewa. Biju, Mhindi wa Kerala, fundi wa taa pale ukumbini, alinisaidia kuzipata. Nyuma zimeandikwa wati mia tano na hamsini kila moja. Tukazipandisha hapa juu, tukaunganisha betri, tukawasha mashine. Ikaunguruma tangu asubuhi mpaka jioni na betri ikajaa juu yake. Jua lilipozama betri ikaiendesha saa saba nyingine. Saa nane za jua, saa saba za betri. Kumi na tano, kama daktari alivyotaka. Niliuvaa ule mrija puani mwangu nikavuta hewa ya baridi kavu, nikalia. Akinyi, Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja, alinipiga picha. Picha ipo, macho mekundu, mrija puani. Naipenda.

Jumanne, 17 Juni

Leo nimeongea na Baba dakika hamsini. Haijawahi kutokea. Zamani akisema maneno kumi anaanza kukohoa, simu inakabidhiwa kwa Rashidi. Leo amenisimulia habari za jirani aliyeuza ng'ombe akamlilia. Nimemwambia wifi yangu Mwanaidi ageuze simu nione taa ya kijani kwenye mashine. Akageuza. Inawaka. Nimemwonyesha Akinyi, nimemwonyesha msimamizi, nimemwonyesha hata dada wa Kinepali anayepanga viti, ambaye hajui nasema nini. Akasema *very good*.

Mwisho Baba alikuwa anataka kukata simu, anasema nitamaliza bando. Nikamwambia bando lipo, tuzungumze. Tukazungumza.

Jumamosi, 21 Juni

Mapumziko. Nimepiga saa nne asubuhi kwa kuwa nilikuwa sina la kufanya. Haikupokelewa. Nimepiga tena. Kimya. Nimefua, nimeenda bakala, duka la chini, kununua maziwa na vitunguu, nimerudi, nimepiga. Kimya.

Saa saba kamili wamepokea mara moja. Baba yuko pale pale, mrija, mngurumo. Mwanaidi amevaa sweta mbili na kujitanda kitenge. Nyuma yake dirisha jeupe tupu. Nikamuuliza kulikoni dirishani. Akasema ni pazia jipya. Nimecheka, pazia gani jeupe kwenye nyumba yenye moshi wa kuni.

Baridi imeanza huko, nadhani. Kipupwe.

Jumatano, 25 Juni

Mzee mmoja Mjerumani amekuja na mkewe. Nikawapitisha kwenye nguzo zangu kwa Kiingereza changu cha kukariri: hii China, ya kwanza, uwezo uliofungwa. Hii Marekani. Alipofika kwenye Ujerumani akainama akaicheka kwa upole. Kisha akaniuliza swali. Hapa sasa hivi, kati ya huo wote uliofungwa, ni kiasi gani kinatoka?

Sikujua. Miezi kumi na minne tangu niletwe ukumbi huu napangusa ile nguzo na sikuwahi kujiuliza. Nikasema taa zote zinawaka, bwana. Akanipigapiga bega akaenda zake. Nimeona aibu mchana kutwa.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemuuliza Biju. Alikuwa juu ya ngazi anabadilisha taa ya Brazil. Akajibu bila kushuka. Ile namba si umeme, ni kile mtambo unachoweza kutoa siku mambo yote yakiwa sawa. Jua kali, upepo wa kutosha, bwawa limejaa. Brazil wakikosa mvua mabwawa yao yanashuka. Ujerumani wamejaza paneli kila bati, lakini wana mawingu nusu mwaka. Usiku paneli zote za dunia ni sufuri hata kama ni za China. Akasema mtu akikuonyesha kilichofungwa, muulize na mawingu.

Nimeshika ile ngazi mpaka akashuka.

Ijumaa, 27 Juni

Dirisha jeupe. Si pazia.

Nimepiga saa saba. Mashine inanguruma, taa ya kijani, Baba anatabasamu. Nimejiambia acha wasiwasi, kitu unakiona kwa macho yako. Kisha nimemtumia Rashidi ujumbe: kwa siku mashine inawaka saa ngapi? Amejibu haraka mno. "Muda wote dada."

Muda wote. Hata Doha haikuwaka muda wote.

Jumatatu, 30 Juni

Wageni wakubwa wamekuja ukumbini, tukaambiwa chakula tutakula mapema, saa nne na nusu. Nimepiga wakati huo. Sikutegemea wapokee. Amepokea Baba mwenyewe. Nadhani alibonyeza bila kujua, maana alikuwa ameishika simu mbali, naona dari, naona kidole, kisha namwona.

Hana mrija. Umetundikwa kwenye msumari ukutani nyuma yake. Mashine imezimwa, na juu yake pamewekwa kikombe. Midomo ya Baba ina rangi ya zambarau. Mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia, na amekaa tu kitandani. Ukungu umeingia mpaka ndani, nauona ukipita mbele ya taa ya simu.

Nikasema, "Shikamoo Baba." Hakuweza kuitikia kwanza. Ndipo nikasikia Mwanaidi anakuja mbio, kikombe kinaondolewa, swichi, mngurumo. Mrija puani. Akaonekana Baba wa kila siku. "Marahaba mama. Tulikuwa tunaipumzisha kidogo."

Mbele ya wageni wale nimesimama na nguzo zangu. Msimamizi kaniambia nitabasamu.

Jumatatu, jioni

Nimemwambia Akinyi. Alikuwa anavua buti za ulinzi. Akaiacha ya pili mguuni. Halafu akasema, "Zai, wacha nikuulize kitu na usinikasirikie. Hiyo machine huwaka ukipiga tu?"

Nimemkasirikia. Nimemwambia hajui familia yangu. Nimelala nimempa mgongo.

Jumanne, 1 Julai

Nimemwandikia Rashidi: naapa usiponiambia ukweli leo, sipigi tena simu hiyo nyumba. Amenitumia sauti, dakika sita. Nimeisikiliza chooni kazini, mlango nimefunga.

Siku nne za kwanza jua lilikuwepo, ikawaka vizuri. Kisha ukungu ukashuka na haujapanda. Betri haijai. Kwa siku wanapata saa mbili za mashine, siku njema sana tatu. Rashidi alitaka kuniambia. Baba akakataa. "Baba alisema umekaa jangwani miaka miwili kwa ajili ya hii mashine, usije ukaiona imelala." Kwa hiyo tangu alfajiri hawaigusi. Wanakusanya moto wote wa betri mpaka saa saba, ili nikipiga niikute inawaka. Nikikata simu, wanazima haraka. Kinachobaki ndicho cha usiku.

"Siku ile mliongea dakika hamsini, dada, usiku alibaki na saa moja. Alikaa kitako mpaka asubuhi. Lakini alifurahi sana, naomba usimwambie nimesema."

Nilikuwa nakula wali na pumzi za baba yangu. Kila siku. Na kuomba nionyeshwe taa.

Jumatano, 2 Julai

Nina hasira na Rashidi. Nina hasira na Mwanaidi na pazia lake. Nina hasira na Baba, na hiyo ni mbaya zaidi maana siwezi kumwambia.

Na mimi. Niliipima kwa jua la Doha. Nimezaliwa kwenye ukungu ule, nimeenda shule Julai nikiwa simwoni aliye mbele yangu, nguo zinakaa kambani siku nne hazikauki. Nayajua yote hayo. Na bado nilipanda juu ya paa la Najma nikahesabu saa nane za jua kama mtu asiye na kwao. Nikasoma namba nyuma ya paneli nikaiamini. Kazi yangu ni kuwaambia watu namba hiyo hiyo kila siku, na sikujua inasema nini.

Sijapiga saa saba. Nimewaandikia uongo kwamba nina mgonjwa wa kuangalia, wasinisubiri. Nimetamani waiwashe kwa ajili yake mwenyewe.

Alhamisi, 3 Julai

Biju amechora kwenye kadibodi. Kwa ukungu ule tungehitaji paneli karibu mara sita, na betri nyingine. Bati la Baba halibebi. Na kago ya meli ni wiki nyingi. Rashidi alishakodi jenereta siku mbili bila kuniambia, moshi ukaingia ndani, Baba akazidiwa. Yote haya yamepita mimi nikiwa naonyesha watu picha.

Biju hajanilaumu. Ameniomba msamaha, kwamba pale juu ya paa alipaswa kuuliza kwetu pakoje. Nikamwambia aliyepaswa kujua ni mimi.

Nimeomba likizo. Msimamizi kasema Septemba, mwenzangu akirudi kutoka kwao.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeamua. Baba ashuke Mombo, chini ya mlima, kwa binamu yetu Salehe. Kuna umeme wa nguzo, kuna joto, kuna chumba cha mbele kitupu. Mashine itawaka usiku na mchana.

Baba amekataa. Kasema hajalala nje ya mlima tangu azikwe Mama. Nikamwambia hili si ombi. Nimemwamrisha baba yangu mzazi kwa simu, mbele ya mwanawe na mkwewe, kwa sauti ninayowatolea watoto wanaopanda juu ya nguzo. Akasema, "Haya mama."

Nimeshinda. Sijisikii kama mtu aliyeshinda.

Jumanne, 8 Julai

Ameshuka. Rashidi alikodi gari, wakamlaza siti ya nyuma, kona zile zote mpaka chini. Mashine imechomekwa ukutani kwa Salehe saa tisa alasiri na haijazimwa.

Nimepiga. Midomo ina rangi ya midomo. Nimemwambia Akinyi, akanikumbatia, tukasameheana bila kusema kwamba tulikosana. Nimelala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu mwezi uliopita.

Ijumaa, 11 Julai

Baba mzima. Anapumua vizuri. Anajibu ndiyo na hapana.

Jumapili, 13 Julai

Salehe anasema kila siku Baba anaomba kiti chake kigeuzwe kielekee mlangoni. Mlango wa Salehe unaangalia mlima. Mrija una mita zake, unafika mpaka kizingitini, hauvuki. Anakaa pale kutwa anautazama mlima. Kilele kimefunikwa.

Leo nimemuuliza anaona nini. Kasema, "Siwaoni." Nikauliza akina nani. Kawataja wanne, wazee wenzake wanaokuja kukaa naye baada ya sala ya alasiri, waliopasua naye mbao. Wawili wenyewe wanakohoa kama yeye. Nikamwambia utawaona kipupwe kikiisha.

Jumatano, 16 Julai

Hali chakula vizuri. Si kwamba hawezi, hataki. Salehe na mkewe wanamhudumia mpaka wamechoka, sina la kusema juu yao. Lakini malori yanapita usiku kucha, na watoto wa mtaa wakipita mlangoni wanamwita mgonjwa wa Salehe. Alikuwa fundi msumeno. Kule kwetu akipita watu wazima wanasimama.

Nimetuma sauti ya kumkaripia ale. Nimeifuta kabla hajaisikia.

Jumamosi, 19 Julai

Ameniomba mwenyewe. Kwa video, mrija puani, sauti nzima kabisa, sauti ambayo mashine yangu imempa. Hiyo ndiyo iliyoniumiza, kwamba nilimsikia kila neno.

"Mama, nirudishe nyumbani. Ulichonipa ni kizuri, usifikiri nakidharau. Lakini hapa sina mtu. Nimekuwa mgonjwa wa Salehe."

Nikamwambia, Baba, kule juu ni saa mbili tu kwa siku. Kasema anajua. Kasema yeye ndiye aliyekuwa akizihesabu. Nikamwambia ukungu mpaka Septemba huo. Kasema anajua, amezaliwa humo. Nikamwambia na mimi je, nakuja Septemba, utanisubiri? Kasema, "Nitajitahidi." Baba yangu hajui kudanganya akiwa ana pumzi.

Nimekata simu. Mara ya kwanza maishani kumkatia.

Jumatatu, 21 Julai

Sijapiga jana, sijapiga leo. Rashidi ameandika: "Dada, tunasubiri neno lako." Kwa nini langu? Kwa sababu mashine ni yangu, paneli ni zangu, chumba nakigharamia mimi. Nimekuwa baba wa Baba kwa sababu nafanya kazi mbali. Sikuomba.

Nimempigia daktari wa wilaya, Rashidi alinipa namba. Hakunificha. Kule juu, kwa saa mbili za oksijeni, hawezi kuniahidi miezi. Kule chini anaweza kwenda mwaka, hata zaidi. Nikamuuliza yeye angefanya nini. Kasema hilo si swali la daktari.

Akinyi naye nikamuuliza, akiwa anasuka nywele mbele ya kioo. Akasema mama yake alifia hospitali Kisumu akiwa na kila kitu, mashine kila upande, na mpaka leo hajui kama alimfanyia mema. "Mimi siwezi kukuamulia, Zai. Lakini ukiamua, usiamue juu ya vile utajiskia wewe." Kisha akarudi kwenye nywele zake.

Jumanne, 22 Julai

Ninachotaka ni kumkuta hai Septemba. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Ninataka nimkute hai hata kama amekaa kwenye kiti cha watu, ametazama mlango, hali, hasemi. Nataka kitu cha kukumbatia. Ni mimi ninayetaka.

Nimelia mbele ya wanafunzi wa shule. Mwalimu wao alidhani nimeguswa na maonyesho.

Jumatano, 23 Julai

Nimemwandikia Rashidi. Mpandisheni.

Baada ya kutuma nimekaa na simu mapajani nikitumaini haijaenda. Imeenda.

Ijumaa, 25 Julai

Amefika. Wale wanne walimngoja barabarani, gari lilipoishia, na mmoja wao amesukuma mlango wa nyumba kwa fimbo kwa sababu mikono haina nguvu. Hayo ameniambia Mwanaidi. Mwanaidi siku hizi hanifichi kitu, tumewekeana ahadi, nami nimeacha kumsema kuhusu pazia.

Nimewapa sharti moja tu, na kwa mara ya kwanza limekuwa ombi. Mashine iwashwe usiku, anapolala. Mchana wote, hata nikipiga mimi, hata akipiga nani, isiguswe. Baba amekubali, ila hapendi niione imezimwa. Nimemwambia tutaongea kwa sauti tu, bila video, mpaka jua lirudi. Hilo amelipenda.

Jumapili, 27 Julai

Nimepiga, Mwanaidi kapokea, kasema amelala. Wazee wenzake wako ndani wamekaa wanamwangalia. Nimesikia mmoja anakohoa, na mwingine anamwambia nenda ukakohoe nje. Wakacheka wote. Nikamwambia asimwamshe.

Jumanne, 29 Julai

Siku mbaya. Ameshindwa kuja kwenye simu. Rashidi anasema usiku mashine ilikwenda saa moja na dakika ishirini tu. Nimeshika kichwa. Nimeandika ujumbe wa kusema ashushwe tena, nikausoma, nikauacha pale bila kuutuma. Ni saa ya kazi, nimekwenda kazini.

Alhamisi, 31 Julai

Mapumziko, nimebadilishana zamu. Joto limefunga madirisha yote ya Najma, mtaa mzima ni mngurumo wa viyoyozi. Nimekaa kitandani. Akinyi ameenda zamu. Nimepiga saa tatu asubuhi, kwa sauti tu.

Ni yeye aliyepokea. Nikatoa shikamoo nikangoja. Marahaba imechelewa sana, nikadhani laini imekatika. Sijawahi kumsikia hivi, miezi yote hii. Pumzi inaingia ndefu na mluzi ndani yake, inakaa, inatoka vipande vipande. Nyuma hakuna kitu kingine. Hakuna mashine.

Zamani ningemwambia pumzika Baba, mpe Rashidi. Leo sikusema. Akaanza kuniuliza kitu. Mama. Pumzi. Leo. Pumzi mbili. Nilijua atamaliza, nikabana simu sikioni nikamngoja, sikumsaidia neno. Imechukua muda mrefu. Alikuwa anauliza kama nimekula.

Nimemwambia nimekula, Baba. Nilikuwa bado.